Chumvi Chini ya Milango

Migwani, Jumamosi 2 Oktoba 1982

Nimeosha gari.

Jumapili 3 Oktoba

Mke wa mchungaji amenipa hili daftari. Amesema, "Rahab, kama kulia kumekushinda, andika." Mimi nilifika darasa la nne tu, lakini mwandiko wangu unasomeka. Basi nianze na yale ambayo kila mtu hapa anayajua.

Mume wangu, Jonah Ndolo, alikufa tarehe kumi na tisa Juni, hapa nyumbani, chini ya gari lake, Pijo. Bomba la moshi lilikuwa limelegea. Fundi Kiilu, rafiki yake tangu ujana, aliinua gari kwa jeki upande wa dereva, kisha akaenda kuleta mawe ya kuegemeza. Jonah aliingia chini kabla mawe hayajafika. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mbaazi. Nilisikia kishindo kimoja, wala si kikubwa.

Kiilu anasema alimwambia asubiri. Mutie, ndugu mdogo wa Jonah, anasema Kiilu aliweka jeki vibaya na huenda alikuwa amekunywa. Mimi pia nimesema hivyo mbele ya watu. Tangu mazishi Kiilu haji kanisani.

Mtoto wetu, Ndululu, alikuja kuzika akarudi kazini Mombasa. Nakula, nalala, naamka. Sina la kumlaumu Mungu. Sina la kumwambia pia.

Jumamosi 9 Oktoba

Nimeosha gari. Liko bandani, juu ya mawe yale yaliyochelewa.

Niandike jinsi ninavyoliosha, maana ndiyo kazi ninayoijua. Punda huleta madebe manne kutoka kwenye pampu. Maji ya tangi ni ya mvua, ni ya kunywa na chai, na tangi nimelifunga kwa kufuli kama kila mtu mwenye akili. Maji ya pampu ni ya chumvi, sabuni haitoi povu, na yakikauka huacha weupe kwenye vioo. Ndiyo sababu mimi humwaga mengi, kutoka juu hadi chini, na milango naifungua nikamwaga hata pale kwenye kizingiti cha kukanyagia. Miaka kumi na miwili, kila Jumamosi, ili Jumapili mzee wa kanisa afike na gari safi. Jonah alizoea kuwaambia watu, "Hii gari yangu ina mke." Watu walicheka. Mimi niliinama kidogo, lakini nilikuwa nafurahi.

Jumanne 12 Oktoba

Tumepanda kavu, kabla ya mvua. Mahindi, mbaazi, pojo. Joto.

Ijumaa 15 Oktoba

Mutie alikuja na kilo mbili za mbegu ya pojo. Tangu Juni hajapitisha wiki bila kuja. Ametengeneza ua, ameleta kuni. Nilikuwa nikisema moyoni, Mungu ameninyang'anya mmoja akaniachia mwingine.

Alikunywa chai yote kwanza, ndipo akasema.

"Shemeji, ukoo umekaa. Kiilu amekataa kutoa ng'ombe za damu ya Jonah. Anasema hana kosa."

"Sasa?"

"Sasa ataapa. Kithitu."

Kithitu ni kiapo chetu Wakamba cha zamani. Anayekila kwa uongo, yeye na watu wa nyumba yake huanza kufa mmoja mmoja. Mimi nimeokoka tangu nikiwa msichana, na bado sipendi kuliandika neno lenyewe.

"Kiilu ni mkristo," nikasema.

"Ndio vizuri. Akikataa kuapa, amejihukumu, atalipa au ahame. Akiapa, tuone."

"Na Jonah angetaka hivyo?"

"Jonah hatumuulizi tena," Mutie akasema. Akachukua kofia yake. Mlangoni akageuka, akaniambia kwa upole niweke zile mbegu mbali na panya.

Jumapili 17 Oktoba

Mchungaji ametangaza mimbarini. Yeyote atakayekwenda mahali pa kithitu, wa kuapa au wa kutazama tu, hatakaribia Meza ya Bwana miezi sita. Watu waliangalia viatu vyao.

Baada ya ibada aliniuliza kama Pijo ya Jonah inaweza kusaidia kanisa kupeleka wagonjwa hospitali ya Mwingi. Nikasema ndiyo. Nimetuma neno kwa Wahome, yule Mkikuyu anayetengeneza mabodi ya magari pale Mwingi, aje aliangalie kabla halijarudi barabarani.

Jumamosi 23 Oktoba

Nimeosha gari. Mawingu asubuhi, mchana hakuna.

Jumatano 27 Oktoba

Wahome amefika na pikapu, mitungi ya gesi na mdomo usionyamaza. Aliniita mama ingawa nadhani tumelingana.

"Mama, hili si gari, hili ni bibi harusi. Rangi inang'aa hivi kwa umri huu?"

"Huoshwa."

"Naona."

Alilala chini akaanza kugonga ubavu kwa bisibisi. Ubavu ni lile sanduku refu la chuma linalopita chini ya milango, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Mimi nilidhani ni pambo tu. Mahali pengine palilia ngo, ngo. Mahali pengine palilia kama kadibodi. Akafika pale jeki ilipokuwa, palipobonyea, akasukuma. Bisibisi ikaingia hadi mpini.

Hakufanya mzaha hapo. "Mama, hapa hakuna chuma. Hapa rangi imeshikana na rangi."

"Si paliharibika lilipoanguka?"

"Hapana. Lilianguka kwa sababu palikuwa pameshaharibika. Uzito wote ulikaa juu ya hii kitu, ikajikunja kama chapati. Hata malaika angeweka jeki hapa, ingezama."

Akachokonoa ndani, kukatoka unga mwekundu na magamba meupe. Akaweka kidogo kwenye ulimi.

"Chumvi. Mmekuwa mkilipeleka Mombasa kuoga baharini?"

"Halijafika hata Voi."

"Basi bahari imekuja Migwani."

Ndipo akanieleza, kwa subira, kama mtu anayemfundisha mtoto. Sanduku hili lina uwazi ndani. Maji huingia kwenye milango na vizingiti, hakuna gari lisiloingiza maji. Kwa hiyo waliolitengeneza waliacha vitundu chini, maji yatoke. "Vyako viko wapi?" akauliza, akalala chali na koleo. Akavuta kitu. Akavuta kingine. Alivivuta vinane, vinne kila upande, akavipanga kwenye simenti. Vilikuwa vitambaa vilivyosokotwa na kupakwa lami. Kimoja kilikuwa kimefunguka. Buluu, na ukingo mweupe.

"Mama, nani aliziba hivi vitundu?"

Nilisema, "Sijui."

Ni sare ya kwaya ya akina mama, ile ya zamani. Yangu ilichanika kwapani, nikaikata matambara.

Mwaka wa sabini na sita Jonah alisakifu banda kwa simenti. Kila nikiosha gari, lilikuwa linadondosha maji ya kahawia mpaka Jumapili mchana, na simenti ikaanza madoa. Basi siku moja yeye akiwa safarini nilichukua lami kidogo kwa wale waliokuwa wanatengeneza barabara, nikasokota vitambaa, nikaingia chini mimi mwenyewe, nikaziba. Aliporudi nilimwonyesha. Akainama, akatazama, akasema, "Umefanya kazi ya fundi." Simenti haikupata doa tena.

Sikuwahi kujiuliza maji yalikuwa yanakwenda wapi.

Alhamisi 28 Oktoba

Siwezi kusali. Nimepika, nimefagia.

Jumamosi 30 Oktoba

Sikuosha gari.

Jumanne 2 Novemba

Wahome amekata chuma kilichooza pande zote mbili. Amenipa brashi ya waya na msasa, akasema kama nina nafasi nisugue ndani mpaka nione weupe wa chuma, maana kutu ukiiacha hata kama ukucha, itarudi na jamaa zake. Nimesugua siku nzima. Kucha zimekuwa nyekundu. Nilifikiri nitasikia kitu. Nasikia tu mgongo.

Alhamisi 4 Novemba

Mvua imeshuka saa nane. Tangi linajaa, nalisikia kutoka hapa. Mutie alipita mvua ikinyesha, akasimama uani amelowa, anacheka kama mtoto. Akasema kiapo ni Jumamosi ya tarehe kumi na tatu, ng'ambo ya mto, mbali na maboma. Mwenye kithitu anatoka mbali, ameshakubali.

Nilimpa taulo la Jonah.

Jumatatu 8 Novemba

Leo nilimkuta Syombua, mke wa Kiilu, kwenye pampu. Huwa tunapishana. Leo punda wangu alisimama mbele ya wake akakataa kusogea, tukabaki tumetazamana kama wajinga.

"Mama Ndululu," akasema.

"Syombua."

"Mume wangu ataapa. Nimemkataza, amekataa. Ng'ombe hatuna, na pa kuhamia hatuna."

"Kama hana kosa, kithitu hakitamfanya kitu." Haya ni maneno yaliyotoka kinywani mwangu. Mimi, mwenye kadi ya ushirika wa kanisa.

Alikaza kamba ya madebe yake. "Nina watoto sita. Yeye akila kile kitu, wamekila. Wewe ulisema mbele ya watu kwamba aliweka jeki vibaya. Uliiona?"

"Nilikuwa jikoni."

"Haya," akasema. Akampiga punda wake, akapita.

Jumatano 10 Novemba

Wahome amesafisha ndani ya sanduku kwa mpira wa maji, na maji ya tangi. Niliifungua kufuli mwenyewe. Aliniagiza nimwage ndoo baada ya ndoo mpaka maji yanayotoka yawe safi. Sasa lazima pakauke kabisa kabla ya kuchomelea, na mvua haitoi nafasi. Anasema akifunga unyevu ndani, ni heri asingeanza.

Ijumaa 12 Novemba

Mvua usiku kucha. Mto umejaa, hakuna anayevuka.

Jumamosi 13 Novemba

Hawakuvuka. Mutie amekasirika na mto kama ni mtu. Amesema wiki ijayo. Nilimshukuru Mungu, kisha nikaona aibu, maana sikujua nashukuru kwa niaba ya nani.

Jumapili 14, Jumatatu 15

Mvua.

Jumamosi 20 Novemba

Mto bado haupitiki. Pojo zimeota vizuri kuliko miaka mitatu iliyopita. Mutie alikuja kupalilia nami. Kwenye mistari ya mahindi, bila kuinua kichwa, alisema, "Akihama, shamba lake la mtoni ukoo utalichukua. Nitaliangalia mimi." Akaendelea kupalilia, jembe lake halikukosa hata gugu moja. Nilitambua kwamba hilo shamba analiona tangu Juni. Sisemi hampendi ndugu yake. Alimpenda. Vyote viwili vinakaa ndani ya mtu mmoja, na wala havigombani.

Ijumaa 26 Novemba

Jua siku nne. Wahome amechomelea mabati mapya, amekata kutoka kwenye pipa, amepaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, tabaka mbili.

Jumanne 30 Novemba

Leo tumemaliza ndani ya mbavu. Niliyeyusha nta ya mizinga yetu kwenye sufuria kuukuu, Wahome akachanganya na oili chafu ikiwa ya moto, akaimimina ndani kwa mpira mwembamba, huku mimi nazunguka na chombo kukinga inayotoka chini. Inapita kila kona, inaganda, maji hayapati pa kushika. Kisha akachukua msumari akapitisha kwenye kila kitundu, vyote vinane, kuhakikisha viko wazi.

"Hivi usiguse, mama. Vikidondosha, shukuru. Na chumvi, hapana tena. Heri gari chafu."

"Heri gari chafu," nikasema.

Alikuwa anakunja mpira. Akasema bila kunitazama, "Pale sokoni nimesikia kuna fundi anaapishwa juu ya hii gari."

Nilikoroga sufuria.

"Mimi ni mgeni huku, sijui mambo yenu. Lakini vile vitambaa sikuvitupa. Viko kwenye kopo, pale kwenye ukingo wa ukuta. Nilifikiri mwenyewe atavitafuta."

Amekwenda saa kumi. Kopo liko hapo alipolitaja.

Jumapili 5 Desemba

Meza ya Bwana leo. Nilipokea. Mkate ulikaa mdomoni, haukutaka kushuka. Mutie alileta habari kwamba mto umeshuka. Kiapo ni Jumamosi hii.

Ijumaa 10 Desemba

Nimejaribu kuandika mara tatu.

Jumapili 12 Desemba

Naandika ya jana.

Nilifika mtoni saa tatu. Wazee walikuwa kama kumi na wawili, wamekaa ng'ambo kwenye changarawe. Hakukuwa na mwanamke. Mwenye kithitu alikuwa amekaa peke yake kwenye jiwe, na mfuko wa ngozi wenye kithitu umefungwa mbele yake, na hakuna aliyeupa mgongo. Kiilu alisimama bila viatu. Amekonda. Koti la mvua alilovaa ni lile ambalo Jonah alimpa.

Nilivuka na gauni limelowa hadi magotini. Mutie alinijia mbio.

"Shemeji, hapa si pako. Rudi."

"Nina neno moja."

"Utasema nyumbani."

"Nyumbani nimeshasema, mbele ya watu. Nilisema uongo."

Mzee mmoja, mrefu, sauti imekwaruza, akasema, "Mwache. Mwenye kufiwa ana neno."

Nilifungua kopo nikapanga vitambaa kwenye changarawe, vinane. Niliwaambia kama nilivyoandika humu. Maji ya pampu, miaka kumi na miwili. Sare ya kwaya. Lami. Bisibisi iliyoingia hadi mpini. Nikasema jeki iliwekwa mahali pake, chuma ndicho hakikuwepo, na aliyekimaliza ni mimi. Nikasema nilimwambia fundi wa Mwingi sijui, na nilikuwa najua. Sikulia. Nilisema kama mtu anayesoma tangazo.

Mzee mmoja akaokota kitambaa, akakigeuza, akauliza, "Ulitaka nini?"

"Simenti isipate doa."

Mutie alikuwa amekodoa macho. "Umemuua ndugu yangu kwa usafi," akasema, polepole, kama anajaribu kama maneno yanatosha.

"Nafikiri hivyo."

Yule mrefu akakohoa. "Basi kesi imekuwa ndani ya nyumba moja. Hatuwezi kutoa ng'ombe kwa Jonah tuzipeleke kwa Jonah." Mmoja akacheka kidogo, akajizuia.

Mutie akageuka kwa Kiilu. "Haya, umepona. Nenda ukaringe."

Kiilu hakwenda. Alikuwa anaangalia ule mfuko wa ngozi. Akasema, "Nilikuwa niape kwamba nilikwenda kuchukua mawe na kurudi bila kusimama." Akanigeukia. "Nilisimama. Pale njiani nilikutana na mtu wa mbuzi, nikauliza bei. Tukabishana. Jonah aliniita mara mbili, nikamjibu naja."

Hapo hakuna aliyecheka.

Mwenye kithitu ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alitia mfuko wake begani akasema leo hautafunguliwa, akaenda zake akipanda ukingo, bila haraka. Wazee wakamfuata mmoja mmoja. Mutie alibaki amechuchumaa. Aliokota vile vitambaa vyote, akavirudisha kwenye kopo, akanipa, akavuka mto mbele yangu bila kunishika mkono. Maji yalikuwa yameshuka, nilivuka mwenyewe.

Jumatano 15 Desemba

Mutie hajaja. Kuni nimepasua mwenyewe.

Mchungaji alikuja. Alisikitika kweli. Lakini alitangaza mwenyewe, na mimi nilikwenda mahali pa kithitu. Miezi sita. Nikamwambia ni haki. Akauliza kama gari bado ni la wagonjwa. Nikasema ndiyo, aje na dereva, na nikampa sharti, maji ya pampu yasiliguse. Akaliandika.

Jumapili 19 Desemba

Waliosimamishwa hukaa benchi la nyuma, karibu na mlango, mahali ambapo mimi na Jonah tulikuwa tukiwapita kwenda mbele. Nimekaa hapo leo. Nilikuwa peke yangu mpaka wimbo wa pili. Mtu akaingia akasimama kando yangu, na nikajua ni nani bila kuinua kichwa, kwa harufu ya grisi. Tangu Juni hajakanyaga humu.

"Mama Ndululu," Kiilu akasema chinichini. "Sogea kidogo."

Nilisogea. Mkate ulipopitishwa, mgawaji alifika benchi la mbele yetu, akageuka akarudi. Kiilu alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, viganja juu. Nikaona yangu pia imekaa hivyo hivyo.

Ndipo nikasikia uso wangu umelowa. Sikufuta. Alinipa kitambaa chake, kina mafuta ya gari, nikakitumia.